Fundi Rudia

Lifti ya jengo lile ilikuwa na tabia ya kufa Jumatatu asubuhi, pale kila mtu ana haraka na hakuna anayetaka kusikia habari za ngazi. Siku hiyo ukumbi wa chini ulifurika. Huyu anabonyeza kitufe kana kwamba lifti itaona haya ikiguswaguswa, yule anamfokea mlinzi ambaye hakuiua yeye. Katikati ya msongamano huo alisimama dada mmoja mwenye sketi nyeusi iliyomkaa sawasawa kiunoni, blauzi ya rangi ya maziwa na viatu vya kisigino kirefu, katoni ya karatasi za kuchapia ameikumbatia kifuani kama mtoto.

"Dada, unapanda au unaiomboleza lifti?"

Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu, shati la buluu limepauka kolani, mkoba mgongoni na skrini ya kompyuta mikononi.

"Napanda. Nimesimama kupumua tu."

"Lakini hujapanda hata ngazi ya kwanza."

"Napumua kwa maandalizi."

Kijana akacheka, cheko la wazi lililowafanya watu wageuke. Dada yule akavua viatu, akavitupia juu ya katoni na kuanza kupanda peku. Kila walipopumzika waliibiana macho. Kila mmoja alidhani mwenzake anakwenda ghorofa nyingine, hata wakajikuta wamesimama mbele ya mlango mmoja, mlango wa kampuni ya bima.

"Kumbe wewe ndiye fundi tunayemsubiri wiki nzima?"

"Na wewe ndiye yule dada anayepiga simu ofisini kwetu asubuhi na jioni? Yule mkali?"

"Mimi si mkali. Napenda utaratibu."

"Basi shikamoo, Utaratibu."

Jina likamganda. Alikuwa afisa utawala wa kampuni ile, mwanamke asiyelaza barua ya mtu na asiyevumilia kikombe kichafu juu ya meza. Fundi naye alitoka kampuni ndogo iliyotunza kompyuta za karibu ofisi zote za jengo. Baada ya siku ile kompyuta ya Utaratibu ikawa mgonjwa wa kudumu. Leo haichapi, kesho sauti haitoki. Mhasibu wa ofisi, mzee wa makamo mwenye mdomo usiopumzika, akasema hajapata kuona mashine inayougua kila mwenye nayo anapopaka wanja.

Simu za jioni zikaanza.

"Haloo, hapo ni ofisi ya utaratibu?"

"Imefungwa. Rudi kesho."

"Nina malalamiko."

"Yaandike."

"Tangu mchana nina hamu na sauti yako, na hakuna aliyenihudumia."

"Hilo si lalamiko, hayo ni maradhi."

"Basi niandikie dawa, mpenzi."

Dada mkubwa wa Utaratibu, fundi cherehani aliyekaa naye nyumba moja, alikuwa akimsikia kutoka sebuleni akicheka peke yake chumbani, anatikisa kichwa na kuendelea kushona.

Jumamosi moja alasiri, kwenye benchi la bustani iliyo nyuma ya uwanja wa mpira, Fundi alimwambia jambo. Alikuwa akimenya chungwa, na alisema bila kuinua macho.

"Kuna mtihani wa cheti kwa mafundi, wa lile toleo jipya la programu ya ofisi. Nimeufanya mara mbili, na mara zote mbili nimefeli."

Utaratibu alitaka kucheka, lakini aliiona mikono ya Fundi ikizidi kumenya chungwa lililokwisha kumenywa.

"Kufeli si kufa, mpenzi."

"Najua. Ila mtu wa kazi yangu anaishi kwa kuaminiwa. Mteja akisikia, kila kompyuta itakayogoma ataniangalia mimi kwanza. Sijamwambia mtu. Hata bosi wangu hajui."

"Na mimi sitamwambia mtu."

"Niapie."

"Naapa, wewe!" Akamnyang'anya chungwa, akalila lote.

Miezi ikaenda, na suala la hilo toleo jipya likaingia ofisini. Programu waliyokuwa wakiandikia barua na kupangia hesabu ilikuwa imezeeka, na walioitengeneza walitangaza kwamba karibuni wataacha kuihudumia. Faili za wateja zilikuwa zikifunguka zimevurugika, maandishi yamepanda juu ya picha. Utaratibu akalitaka toleo jipya kwa moyo wake wote. Akilini aliona watu wawili wakiandika waraka mmoja kwa pamoja bila kutumiana huku na huku, akaona mwisho wa makabrasha yenye majina kama "ripoti ya mwisho" na "ripoti ya mwisho kabisa". Tena Mama Mkurugenzi alikuwa akitafuta meneja wa utawala. Utaratibu alijua kwamba akilibeba jambo hili hadi likafika, kiti kile ni chake.

Fundi alisema wangoje.

"Tufunge hesabu za mwaka kwanza," alimwambia wakitembea kuelekea kituoni. "Kompyuta kadhaa pale ni nzee, hazitalibeba. Na majedwali ya Mhasibu yana fomula alizozifuma mwenyewe, lazima tuyajaribu pembeni kabla ya kuhamisha watu."

"Wewe na wasiwasi wako."

"Wewe na pupa yako."

"Si pupa, ni maendeleo."

"Maendeleo yenye visigino virefu," alisema Fundi, wakacheka, yakaishia hapo. Lakini moyoni mwa Utaratibu kulibaki kikwazo kidogo. Alijiuliza kama kweli mtu huyu anaitetea kazi au anaificha hofu yake.

Siku ya kikao alivaa suti ya zambarau iliyoshonwa na dada yake, nywele kazisuka upya. Alieleza vizuri, na vichwa vikatikisika kukubali. Kisha Mama Mkurugenzi akamwita Fundi atoe maoni yake, na Fundi akasema yale yale, kwa upole, sababu moja baada ya nyingine. Vichwa vile vile vikaanza kumtikisikia yeye.

Utaratibu aliona kiti chake kikimponyoka. Damu ikampanda.

"Kwani tatizo hapa ni programu au ni fundi?" aliuliza Mama Mkurugenzi, nusu kwa utani.

"Mama, tusifichane," Utaratibu alijisikia akisema. "Fundi mwenyewe haijui hiyo programu. Amefanya mtihani wake mara mbili akafeli. Ndiyo maana anataka tungoje."

Hata feni ya darini ilisikika.

Fundi alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na mshangao wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni na mtu aliyemshika mkono. Akafunika kompyuta yake taratibu.

"Ni kweli, Mama," alimwambia Mkurugenzi. "Nimefeli mara mbili." Akainuka, akaaga kwa heshima, akatoka.

Kikao kikapitisha toleo jipya.

Jioni Utaratibu alipiga simu ikaita hadi ikakata. Akapiga tena na tena. Siku ya pili ikapokelewa.

"Habari za kazi, Afisa."

"Mpenzi, naomba unisikilize..."

"Kama kuna kompyuta iliyoharibika, piga ofisini, Afisa. Watatuma mtu mwingine."

Hakupandisha sauti. Angepandisha, labda Utaratibu angepata pa kushikia.

Basi likaletwa toleo jipya na fundi mwingine, na ajabu ni kwamba lilifanya kazi. Kompyuta nzee zilikokota miguu kidogo lakini zikaenda. Majedwali ya Mhasibu yalifunguka bila hata namba moja kuhama, Mhasibu akacheza pale pale kitini. Watu wakampongeza Utaratibu, akapewa umeneja kwa majaribio na meza ya dirishani. Kila asubuhi alipoifungua programu ile, ikamkaribisha kwa rangi zake nzuri, alihisi uso unamwaka moto. Kama ingeharibika angejilaumu, akaomba radhi, akapumua. Lakini haikuharibika, akabaki na ushindi wake akiwa hajui auweke wapi.

"Kwani ulisema uongo?" dada yake alimuuliza siku moja mezani.

"Nilisema kweli tupu."

"Na programu je?"

"Nayo niliipatia."

"Mbona basi huli?"

Utaratibu aliinamia sahani, machozi yakamdondoka. Alipomaliza kueleza, dada yake hakumkemea. Alikunja tu kitambaa alichokuwa akikishona na kusema, "Mdogo wangu, mimi pia nimekuwa nikikwambia mambo yangu." Maneno hayo yalimkata maini kuliko kofi.

Kilichomwumiza zaidi alikisikia kwenye lifti. Vijana wawili wa ofisi ya ghorofa ya chini, asiowajua, walikuwa wakipasuka mbavu.

"Kompyuta imegoma tena? Muiteni Fundi Rudia!"

"Aah, yule bosi wetu kamkataa. Akitengeneza leo, kesho itabidi arudie!"

Utaratibu aliganda ukutani. Ilikuwa kazi ya Mhasibu, aliyelibeba jina hilo kutoka chumba cha chai akaligawa jengo zima. Ofisi moja baada ya nyingine zilimkataa Fundi, mpaka bosi wake akamwondoa kwa wateja na kumficha karakana ya nyuma akatengeneze mashine za kuchapia.

Akakata shauri kufanya kitu. Nafasi ikaja yenyewe. Wapangaji wa jengo walikuwa na mkutano wao katika ukumbi wa chini, na Mama Mkurugenzi, kwa kujivuna, alimtaka meneja wake mpya aelezee ofisi nyingine jinsi walivyohamia toleo jipya. Utaratibu alisimama mbele ya watu.

"Nimeambiwa niwaeleze jinsi tulivyoamua," alianza. "Tuliamua kwa njia ya aibu. Yule fundi mnayemwita Fundi Rudia alitupa sababu za kungoja, na zote zilikuwa za maana. Tulivuka kwa bahati tu. Habari za mtihani wake nilizijua kwa sababu alikuwa mpenzi wangu, akaniambia kwa siri. Nikaitoa siri yake ili nishinde hoja. Mwenye kustahili kuchekwa ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Mkurugenzi alikuwa amevimba kama andazi. Mwishowe mzee mmoja wa ofisi ya mawakili akanyoosha mkono.

"Samahani, binti yangu. Kwa hiyo tuhamie hilo toleo au tusihamie?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Utaratibu akajibu. "Hamieni, mzee. Ila mjaribu faili zenu pembeni kwanza. Fundi alisema hivyo, na alisema sawa."

Alitoka pale ameaibika, lakini kifua chepesi. Kesho yake mchana akaomba ruhusa, akavaa gauni la kitenge alilokuwa Fundi akilisifia, akaenda karakana.

Palikuwa chumba kirefu nyuma ya maduka, kinanuka wino na plastiki iliyoungua. Fundi alikuwa ameinama juu ya mashine iliyofunuliwa tumbo, vidole vyeusi hadi kwenye kucha.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema Utaratibu. "Jana mkutanoni niliwaambia watu wote ukweli."

"Nimesikia." Fundi aliendelea kufungua skrubu. "Mwanzo mtihani wangu uliujua wewe. Kisha ikaujua ofisi yenu. Sasa jengo zima linaujua vizuri, tena linajua ni nani niliyekuwa nikilaza kichwa changu mapajani mwake bustanini. Umeitoa siri yangu mara ya pili, dada. Safari hii kwa kipaza sauti."

Utaratibu alirudi nyuma hatua moja.

"Ulitaka kujisafisha," alisema Fundi, na hapo ndipo sauti yake ilipotikisika. "Sabuni ukanifanya mimi."

Aibu ile ya kwanza ilikuwa ya moto. Hii ilikuwa baridi, ikamshuka mgongoni hadi miguuni. Aliona kwamba ni kweli. Alipokuwa akipanga yale maneno yake mazuri hakujiuliza hata kidogo Fundi mwenyewe angependa nini. Akakaa juu ya sanduku tupu karibu na mlango. Hakujitetea, wala hakulia ili abembelezwe.

"Sikuwaza hilo," alisema. "Nilipaswa kuja kwako kwanza."

"Ndiyo."

"Niondoke?"

Fundi alifuta vidole kwa kitambaa, akavitazama, akavifuta tena.

"Sijui nifanye nini na wewe," alisema. "Nikikukumbuka nacheka, halafu nakumbuka ile siku ya kikao, cheko linakatika. Mchana nazungumza na mashine hizi. Hazijibu, lakini angalau hazisemi." Akavuta pumzi. "Naacha kazi hapa. Nimepata chumba kando ya soko, nataka kufungua karakana yangu. Bosi akijua kabla sijamaliza kuitayarisha atanifukuza, na vyombo vyangu vingi bado vimo humu. Hakuna anayejua."

Utaratibu alishtuka. "Mbona unaniambia mimi?"

"Sijui. Labda nataka kuona kama nitajuta tena." Akageukia mashine yake. "Sasa nenda, nina kazi."

Akaenda. Nyumbani dada yake alimdaka mlangoni. "Haya, amesema nini?"

"Amesema nimekosea."

"Na nini kingine?"

"Basi, dada."

Dada alimtazama usoni kwa kitambo, kisha akarudi kwenye cherehani yake bila kuuliza tena.

Haukupita muda mrefu bosi wa Fundi akafika kampuni ya bima kuzungumzia mkataba wa matengenezo. Alikuwa mtu mnene mwenye maneno ya asali. Walipomaliza mazungumzo, Mama Mkurugenzi akiwa hapo hapo, alimgeukia Utaratibu.

"Meneja, nina jambo dogo. Nasikia kijana wangu ana mpango wa kunikimbia. Wewe ulikuwa mtu wake wa karibu, tena jengo hili lote linasema wewe si mtu wa kuficha ukweli." Akatabasamu. "Ana mpango gani?"

Sifa ile ilimchoma kama sindano.

"Sina la kukuambia, mzee."

"Hujui, au hutaki?"

"Sina la kukuambia."

"Mjibu mgeni," alisema Mama Mkurugenzi, ambaye aibu ya mkutanoni ilikuwa bado haijamtoka. "Ni mshirika wetu. Na usisahau kwamba umeneja wako ni wa majaribio."

Utaratibu alikishika kiti kwa nyuma.

"Mama, siku ile ya kikao mlinisifu kwa kusema. Leo naomba mniache ninyamaze."

Bosi aliondoka amekunja uso. Mama Mkurugenzi hakumsemesha hadi jioni, na siku zilizofuata umeneja ukaanza kuzungumzwa kwa minong'ono. Mwisho wake akapewa mtu mwingine, Utaratibu akarudi meza yake ya zamani, mbali na dirisha. Ilimuuma, lakini alishangaa kuona kwamba usiku analala.

Kisha siku moja Mhasibu akaingia mbio, kikombe mkononi, chai inamwagika.

"Mmesikia? Fundi Rudia kafungua karakana yake mwenyewe kando ya soko! Kibao kikubwa, na wale mawakili ndio wateja wake wa kwanza! Wewe, Utaratibu, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na hukusema!" Mhasibu alimtazama kama mtu aliyeibiwa.

"Futa chai, mzee wangu. Umechafua meza."

Jioni hiyo, watu wakimiminika kutoka kazini, alimkuta Fundi amesimama kando ya geti, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Hakujua amkaribie au apite.

"Nilipoaga kazi bosi alifoka sana," alisema Fundi. "Akasema hata yule mwanamke wangu alimfungia mlango usoni. Nikamuuliza mwanamke gani. Ndipo nikasikia yote. Na umeneja je?"

"Umekwenda."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yangu," alisema Utaratibu. "Nilitaka nami niweze kujitazama kwenye kioo." Akainamisha macho. "Lakini bado naona aibu mbele yako. Usidhani imekwisha."

"Yangu pia haijakwisha. Siku nyingine nitaikumbuka na nitanuna."

"Ukinuna nitakaa kimya."

"Usikae kimya sana, nitaogopa."

Wakacheka kidogo, cheko la watu wanaojaribu mguu uliokuwa umevunjika. Wakaanza kutembea bega kwa bega, wakipishana na umati, hawajashikana mikono. Walipofika kona ambako njia zao zilikuwa zikiachana, Fundi akasimama.

"Jumapili nataka kuja nyumbani kwenu. Nije rasmi, nizungumze na dada yako kuhusu sisi wawili. Kama utanikubali."

Utaratibu alifunika mdomo kwa kiganja. Watu walikuwa wakiwapita huku na huku, mmoja akamgonga bega, hakuhisi kitu.

"Njoo."

"Basi mwambie dada ajiandae."

"Mwambie mwenyewe," alisema Utaratibu, machozi na tabasamu vimechanganyika usoni. "Mimi sisemi kitu."